Kidole cha Mkubwa

Siku serikali ilipotangaza kwamba mifumo yake yote sasa inasomana, Mkubwa alipiga makofi. Habari hiyo aliisikia kwenye redio ya basi la shule analoendesha, watoto ameshawashusha, basi tupu, na akapiga makofi peke yake mpaka mlinzi wa getini akageuka kumtazama. Usimcheke. Mtu aliyewahi kutembeza bahasha moja kutoka ofisi hadi ofisi, kila ofisi ikimdai nakala ya karatasi ambayo ofisi ya jirani imeifungia kabatini, anaielewa furaha ile. Waziri alisema kuanzia sasa namba moja ya mwananchi itatosha kila mahali: hospitali, leseni, kodi, laini ya simu, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo. Mwananchi hatasumbuka tena, ofisi zitaulizana zenyewe. Na kweli ziliulizana. Kama kuna kitu serikali ile iliahidi na kukitimiza, ni hicho.

Mkubwa ni jina la nyumbani. Alimtangulia pacha wake kuzaliwa kwa muda wa kuchemsha chai, basi kwa sababu hiyo akaitwa Mkubwa maisha yake yote, na mwenzake akaitwa Mdogo, ingawa kwa sauti, kwa vituko na kwa kula Mdogo ndiye aliyekuwa mkubwa. Walifanana, wasichana wale, mpaka inachosha. Walimu waliwachanganya, majirani waliwachanganya, mchumba mmoja wa Mdogo aliwachanganya na uchumba ukaishia hapohapo. Mtu mmoja tu hakuwahi kuwachanganya hata mara moja, hata gizani, naye ni mama yao. Alikuwa akisema anawajua kwa namna kila mmoja anavyovuta pumzi.

Mama huyo alikuwa na desturi yake. Taa ikishazimwa, yeye kitandani kwake upande wa pili wa pazia, aliita, "Mkubwa?" na Mkubwa akajibu, "Nipo." Kisha, "Mdogo?" na Mdogo akajibu kwa sauti ya kuvuta kidogo, "Nipooo." Ndipo mama akalala. Walipoingia ujanani Mdogo akaanza kutoroka dirishani kwenda kwenye muziki, na Mkubwa akawa anaitikia mara mbili: mara ya kwanza kwa sauti yake, mara ya pili kwa ile ya kuvuta. Mama alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Haya, laleni." Kesho yake, bila kusema kwa nini, alimpa Mdogo masufuria yote yenye masizi ayasugue hadi mchana. Kwa hiyo walijua kwamba anajua. Lakini hakuwahi kumkataza Mkubwa kuitikia, na Mkubwa akakua akiamini hiyo ndiyo kazi aliyotumwa duniani.

Aliifanya kwa bidii. Alichapwa viboko vya Mdogo shuleni na akaenda kuomba radhi kwa watu ambao Mdogo ndiye aliyewatukana. Walipokuwa wakubwa, Mdogo akawa msusi na Mkubwa akajifunza udereva, kazi inayomtaka mtu asiye na papara. Mwalimu mkuu aliyempa basi la shule alisema hajawahi kuona dereva anayepita kwenye tuta kana kwamba chini yake kuna mtoto amelala. Mkubwa hakuolewa na wala hakulilia kuolewa. Alikuwa na basi lake, mama yake, na pacha wake ambaye kila jioni alikuja na kicheko cha saluni nzima.

Sasa kosa lilifanyika hivi, na halikuwa kosa la mtu mwingine. Miaka kadhaa kabla mifumo haijaanza kusomana, watu wa usajili walikuja mtaani kuandikisha namba za wananchi. Walipiga hema kwenye uwanja wa shule, na siku ya mwisho Mdogo alikuwa na bibi harusi kwenye kiti, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama wima. Hangeweza kumwacha. Mkubwa alikwenda asubuhi, akapigwa picha, akaweka vidole kwenye mashine, akaandikishwa. Akarudi nyumbani, akabadilisha kitambaa cha kichwa, akavaa hereni za Mdogo, akachukua cheti cha kuzaliwa cha Mdogo, akarudi kwenye foleni. Karani alikuwa hoi kwa joto. Hakumtazama hata usoni, alisema tu, "Weka kidole," na Mkubwa akaweka.

Mdogo aliposimuliwa alicheka mpaka akashika mbavu. Kwa miaka mingi kikawa kisa cha nyumbani, kila mgeni lazima asimuliwe, na Mkubwa lazima asimame aigize karani alivyopiga miayo. Mama peke yake hakucheka. "Kidole si kitambaa cha kichwa, mkavaliana," alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Kwa muda mrefu hakuna kilichoharibika, maana nyakati zile kila ofisi ilijilalia nyumbani kwake. Mfuko wa afya ulimjua Mdogo kwa kadi yenye picha, na michango yake aliipitisha kwenye chama cha wasusi. Alipougua figo zote mbili, kadi hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango wa chumba cha kusafishia damu, mara tatu kwa wiki. Si maisha mepesi, lakini alijikaza. Alikuwa na kiti chake karibu na dirisha, aliwasuka wauguzi nywele kabla ya kuunganishwa na mashine, na saluni aliifungua siku zilizobaki. Aliyemwona sokoni hangejua kwamba damu ya mwanamke huyu inapita kwenye mipira nje ya mwili wake.

Halafu mifumo ikaanza kusomana. Asubuhi moja Mdogo alifika hospitali akakuta mashine ndogo mpya pale mapokezi. Akaambiwa aweke kidole, akaweka. Mashine ikasema kidole hakitambuliki. Hakikutambulika kwa sababu mashine yoyote ya serikali ilikuwa haijawahi kukiona. Mpokezi akaandika namba ya kadi, akasoma kwenye kompyuta, akasoma tena, akamwita mwenzake naye asome. Namba imefungwa, ilisema. Sababu: nakala.

Mkubwa alipopigiwa simu alikuja na basi lenyewe. Alimkuta pacha wake kwenye benchi la nje, mkoba mapajani kama abiria aliyeachwa.

"Dada," Mdogo alisema, "nimekuwa nakala." Alikuwa bado anacheka.

Mkubwa hakucheka. Alielewa kabla ya mtu yeyote kueleza. Serikali ilikuwa imepitisha fagio kwenye rejista, ikakuta namba mbili zenye vidole vilevile, sura ileile, mama yuleyule na siku ileile ya kuzaliwa. Ikaona huyu ni mtu mmoja mjanja aliyejiandikisha mara mbili. Ikaacha namba ya kwanza, ikafunga ya pili. Mkubwa akabaki mtu, Mdogo akawa nakala yake.

Wakaanza kupigwa danadana. Ofisi ya usajili ilisema suala la matibabu ni la mfuko wa afya. Mfuko wa afya ulisema wao hawafungi namba za watu, wanapokea tu kutoka usajili. Wakarudi usajili, wakaomba Mdogo aandikishwe upya kwa vidole vyake mwenyewe, navyo hivyo hapa, vyote kumi. Karani wa zamu alikuwa binti mwenye huruma, akajaribu. Cheti cha kuzaliwa kikakataa, kwa kuwa kilikwisha kufungiwa pamoja na ile namba. Ili kukifungua inatakiwa namba iwe hai. Ili namba iwe hai kinatakiwa cheti. Binti alizungusha kiti chake, akaangalia ukuta, akawaambia labda wajaribu Kitengo cha Uratibu, ndio wanaoziunganisha ofisi zote. Kwa sauti ya chini akaongeza kwamba hajawahi kusikia mtu aliyekwenda huko.

Kitengo cha Uratibu kilikuwa ghorofa ya juu ya jengo ambalo lifti yake haifanyi kazi. Mdogo alibaki chini kwa mlinzi, maana pumzi ilikuwa imeanza kumpiga chenga. Mratibu alikuwa mtu wa makamo, tai imelegezwa, sahani ya chakula cha mchana juu ya kompyuta. Ukutani kwake palikuwa na mchoro wa wizara zote, kila moja kwenye duara lake, na mishale kutoka kila duara ikikutana katikati. Katikati palipokutana mishale hapakuandikwa kitu.

Alikuwa wa kwanza kusikiliza mpaka mwisho. Ndiyo maana Mkubwa akamwambia ukweli wote, hema, hereni, kitambaa cha kichwa.

"Ni mimi, kaka," alisema. "Nilitoa kidole changu mara mbili. Nifungeni mimi, lakini yeye mwacheni aingie hospitali."

"Kukufunga hakutamsaidia, dada. Na hata ningetaka, si kazi yangu."

Akaanza kumweleza, kwa upole, akionyesha mchoro kwa kalamu. Majina ni mali ya usajili. Matibabu ni mali ya mfuko. Leseni ni mali ya watu wa barabara. Kitengo chake hakina mali yoyote, kazi yao ni kujenga njia ambayo taarifa zinapita. Kurekebisha kitu kama hiki lazima usajili uandike barua, mfuko ukubali, wanasheria wapitie, kisha ifike kwenye Kamati ya Uratibu ambayo wizara zote zinakaa. Kamati hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ilikuwa imekaa wiki iliyopita.

"Damu yake haisubiri kamati," Mkubwa alisema.

"Najua." Mratibu aliiweka kalamu chini. "Nikwambie ukweli na mimi. Mfumo una sehemu ya kuunganisha namba. Sehemu ya kutenganisha hatukuiweka. Tulimfikiria mtu mmoja mwenye namba mbili. Hakuna aliyewafikiria watu wawili kwenye namba moja."

Alilisema hilo akiwa ameinamisha macho, na Mkubwa alitamani awe mtu mbaya ili apate wa kumchukia. Alipewa namba ya simu ya mratibu kwenye kipande cha karatasi, na kabla hajamaliza ngazi, kwenye simu yake ukaingia ujumbe kwamba ombi lake linashughulikiwa.

Mdogo alikuwa ameshakosa kusafishwa damu mara mbili. Uso ulijaa maji, viatu vilikataa kuingia, akawa analala amekaa. Asubuhi iliyofuata Mkubwa alimpeleka hospitali, akamweka kwenye benchi, akasogea mapokezi yeye mwenyewe. Hakupanga. Ukimuuliza hata leo atakwambia mkono ulikwenda wenyewe. Aliweka kidole. Mashine ikawaka kijani, jina lake likatokea, mpokezi akachapa utepe wenye jina hilo akamfunga mkononi, akamwonyesha njia ya chumba cha kusafishia damu. Kwenye kona ya ukumbi Mkubwa aliuvua utepe kwa meno na kumfunga Mdogo.

Sista wa chumba kile alimjua Mdogo miaka miwili. Yeye ndiye aliyesukwa nywele zake mara nyingi kuliko wote. Aliusoma utepe, akamtazama mmoja, akamtazama wa pili.

"Mimi nasafisha damu," alisema. "Majina hayanihusu." Akamkalisha Mdogo karibu na dirisha, akaanza kutafuta mshipa. Baadaye kidogo, bila kuinua kichwa, akaongeza, "Ila mwangalie mnakokwenda."

Walikokwenda hapakuonekana vibaya mwanzoni. Mkubwa alipeleka watoto shule, akakimbilia hospitali kutoa kidole, akarudi kuchukua watoto. Mdogo alipungua uvimbe, viatu vikaingia. Akaanza vituko vyake, kwa kuwa sasa yeye ndiye Mkubwa kwenye faili, akawa anawaamrisha wagonjwa wenzake wafunge mikanda na wasitoe vichwa dirishani. Sista alicheka mpaka akafuta machozi. Mama aliuliza siku moja kama ile kadi imeshatengenezwa. Mkubwa akasema imetengenezwa. Mama akakaa kimya kidogo, kimya kilekile cha zamani cha upande wa pili wa pazia, halafu akasema, "Haya."

Lakini mifumo ilikuwa inasomana. Usisahau. Kila Mkubwa alipoweka kidole, mfuko wa afya uliandika kwamba mwananchi huyu anasafishwa damu. Na mwananchi huyu, mfuko ulipouliza huku na huku, akaonekana ni dereva wa basi la watoto. Watu wa barabara wakasomewa habari hiyo na mashine yao, na mashine yao ikafanya inavyopaswa. Ujumbe ulimkuta Mkubwa akisubiri kengele ya kutoka shule: leseni yako ya kubeba abiria imesitishwa kwa sababu za kiafya. Kwanza alidhani ni matapeli, akaufuta. Kisha mwalimu mkuu akamwita ofisini, naye alikuwa na ujumbe huohuo kwenye kompyuta yake.

Mwalimu mkuu alisema kwa macho yake anamwona mzima wa afya. Alisema kama ni makosa ya kompyuta basi amwambie tu, apimwe damu leo hii, shule itaandika barua, yeye mwenyewe ataibeba kwa mkono. Alikuwa anamfungulia mlango. Mkubwa alikuwa na neno moja tu la kusema, na neno hilo lingemfungia Mdogo mlango wa chumba cha kusafishia damu jioni hiyohiyo. Alimtazama mtu aliyemwamini na watoto mia wa watu.

"Ni kweli, mwalimu," alisema. "Naumwa figo."

Aliomba aondoke baada ya kufagia basi. Chini ya kiti cha nyuma alikuta sweta la mtoto, akalikunja, akaliweka kwenye kiti cha dereva juu ya funguo. Alitembea kwa miguu hadi nyumbani, na kila gari lililompita alikuwa akilisikiliza injini.

Aliona ameshalipa. Kazi imekwenda, basi, mradi Mdogo anapumua. Maskini, alikuwa bado hajaelewa namna watu wale walivyoupanga mfumo wao vizuri. Mshahara wake ulipokoma, mchango wake wa mfuko wa afya nao ukakoma, na mfuko haukuhitaji kuandikiwa barua na mtu, ulisoma wenyewe. Mwezi haukwisha. Aliweka kidole pale mapokezi, mashine ikawaka nyekundu. Uanachama umesitishwa. Akakifuta kidole kwenye gauni, akaweka tena. Akaweka kidole gumba. Akaweka cha mkono wa kushoto. Nyuma yake watu kwenye foleni walianza kuguna, na mpokezi, ambaye naye ana watoto wa kulisha, alimwomba taratibu asogee pembeni.

Alimpigia mratibu. Mratibu alipokea, na sauti yake ilionyesha kwamba hakuwa amesahau. Barua ya usajili ilikuwa imefika, ya mfuko bado, na kikao cha kamati kimesogezwa mbele kwa sababu mwenyekiti amesafiri.

"Amesafiri kwenda wapi?" Mkubwa aliuliza.

"Amealikwa kuwaeleza wenzetu wa nchi nyingine jinsi tulivyofanikiwa."

Waliuza kilichouzika. Viti vya saluni, kikaushio cha nywele, kabati la vyombo. Vilinunua siku chache za mashine, halafu pakawa hapana kitu tena, na ndugu na marafiki wakawa hawapokei simu. Mdogo alivimba tena. Safari hii hakufanya vituko. Alikaa ameegemea ukuta, pumzi zinakoroma, mama akimpepea kwa kipande cha boksi.

"Dada," alisema siku moja mama alipotoka kuteka maji. "Nenda kawaambie ukweli. Upimwe, upate basi lako."

"Nyamaza, utachoka."

"Siku zote unaniitikia wewe. Sasa niache."

"Nikikuacha ataniuliza mama," Mkubwa alisema. Alilia mbele ya pacha wake waziwazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utotoni, na Mdogo, ambaye hakuwa hata na nguvu ya kunyanyua kikombe, alimshika sikio na kulivuta polepole kama walivyokuwa wakifanya wakiwa watoto.

Asubuhi yake Mdogo alishindwa kupumua. Jirani mwenye pikipiki ya magurudumu matatu aliwakimbiza hospitali, mama akabaki mlangoni. Chumba cha dharura hakimkatai mtu, hilo lisemwe kwa haki. Ila hakifungui faili bila namba, na wa kutoa namba ni mmoja. Mkubwa akaweka kidole. Utepe ukatoka na jina lake, akamfunga Mdogo. Wakaingia naye ndani, pazia likavutwa, naye akaachwa na viatu vya Mdogo mkononi. Havikuwa vimemwingia, alikuwa amevibeba tu.

Daktari alitoka kabla ya mchana. Hakuhitaji kusema. Alisema hata hivyo, akampa pole, akarudi kwenye kompyuta kuandika kwamba mgonjwa mwenye namba ile amefariki. Akabonyeza. Na nchi nzima ikasoma.

Mkubwa alitoka nje, akaegemea ukuta, akampigia mama. Simu iliita mara moja tu, ikapokelewa, kana kwamba mama alikuwa ameishika.

"Mama," alisema. "Mama, Mdogo ame..."

Simu ikanyamaza. Alidhani ni mtandao. Akapiga tena, na sauti ya mwanamke ikamweleza kwa adabu kwamba laini hii imefungwa kufuatia kifo cha mwenye laini. Alisikiliza ujumbe wote. Alipiga tena, akausikiliza tena, maana akili ilikuwa haijakubali kwamba anayesemwa ni yeye.

Mama alifika mwenyewe, ameshikwa mkono na jirani. Alikwenda moja kwa moja chumba cha maiti, akaomba afunuliwe uso, akaangalia muda mfupi tu, kama mtu anayehakikisha mtoto amejifunika shuka vizuri.

Mhudumu wa chumba cha maiti alikuwa mzee mpole mwenye aproni ya plastiki. Alisema mwili unatolewa kwa ndugu wa karibu, aweke kidole tu, siku hizi hakuna makaratasi. Mkubwa akasogea, akaweka. Mashine ikalia. Mzee alisoma kwenye skrini, akaitazama picha, akamtazama Mkubwa, akarudi nyuma hatua moja. Miaka yote aliyofanya kazi ile hakuwahi kurudi nyuma mbele ya mtu aliyesimama.

"Binti yangu," alisema, "hiki ni kidole cha marehemu."

Ikabidi aweke mama. Mzee alitakiwa kwanza asome jina la marehemu kwa sauti, ili ndugu athibitishe, na akasoma. Ni jina la Mkubwa, yote matatu, kama mama mwenyewe alivyompa.

"Siye huyo," mama alisema. "Huyo nimemshika mkono hapa. Aliyelala ni mdogo wake."

"Naelewa, mama. Naona kwa macho yangu. Lakini ukisema siye, mwili unakuwa hauna jina. Usio na jina hautoki kwangu mpaka polisi, mpaka mahakama, na mpaka wale wa juu wakae kikao chao. Anaweza kukaa humu mwaka."

Mama alimgeukia Mkubwa. Akamwuliza, bila ukali, kama yule Mdogo atalala kwenye chuma muda wote huo. Mkubwa alitaka kusema yapo mambo mengi. Kwamba mama akiweka kidole, yeye Mkubwa hatakuwa na leseni tena, wala simu, wala kazi, wala kaburi lake mwenyewe siku yake ikifika. Kwamba hakuna ofisi itakayomfufua, maana aliona mchoro ukutani na katikati yake ni patupu. Aliyaona yote kwa mara moja, na yote yalikuwa mepesi kuliko kile chuma.

"Weka, mama," alisema. "Tumtoe hapa."

Mama aliyewajua gizani kwa pumzi zao aliweka kidole. Kidole kilikuwa kimekauka kwa kazi za miaka mingi na mashine ikakikataa, kwa hiyo Mkubwa akakishika, akakipulizia pumzi ya moto, akakibonyeza juu ya kioo kwa nguvu mpaka ikawaka kijani. Ahsante, skrini iliandika, huduma yako imekamilika. Mzee alichukua mkasi ili aukate ule utepe. Mama akamwomba amwachie, akaufungua mwenyewe, akautia kwenye mkoba.

Jirani alipata gari la kubebea mizigo. Jeneza liliwekwa katikati, mama akakaa upande mmoja na Mkubwa upande mwingine, kila mmoja ameshika ukingo lisiteleze. Dereva alipita kwenye tuta kwa pupa, na Mkubwa akaweka kiganja juu ya kifuniko ili kupunguza mshtuko. Jua lilikuwa kali. Mama alifumba macho, mpaka Mkubwa akadhani amesinzia.

"Mkubwa?" mama aliita.

"Nipo, mama."

Gari likapinda kona, likaacha lami. Mama alikuwa bado amefumba macho, kichwa kimeinama upande kidogo, kama alivyokuwa akifanya miaka ile nyuma ya pazia.

"Mdogo?"

Mkubwa alifungua mdomo. Ile sauti ya kuvuta alikuwa nayo, hajaipoteza, aliijua kuliko yake mwenyewe. Aliitafuta kooni, akajaribu, akajaribu tena. Haikutoka. Na mama akaendelea kusubiri.